Februari 5: Azimio la Arusha, Kuzaliwa kwa CCM na Dhana Zinazohitaji Kusahihishwa

Mkazi wa Arusha hudhaniwa kuijua vizuri historia ya tarehe 5 Februari, kwa kuwa jina la mji wake limo ndani ya historia hiyo. Siku hiyo imebeba matukio matatu: kuundwa kwa Afro-Shirazi Party (ASP) ya Zanzibar mwaka 1957, kutangazwa mwaka 1967 kwa Azimio la Arusha, yaani tamko la chama cha TANU kuhusu ujamaa na kujitegemea, na kuzaliwa kwa Chama Cha Mapinduzi (CCM) mwaka 1977, TANU na ASP zilipoungana. Kwa bahati mbaya, Azimio, ambalo ndilo maarufu kuliko mengine, limebebeshwa pia mambo yaliyofanywa na sheria na amri za miaka mingine kabisa.

Dhana: Azimio lilipitishwa na kutangazwa Arusha tarehe 5 Februari 1967.

Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na ndipo Azimio lilipopitishwa. Lilitangazwa kwa umma Dar es Salaam, Jumapili ya tarehe 5 Februari. Arusha ilitoa uamuzi na jina. Tarehe tunayoadhimisha ni ya tangazo. Mgeni anayetaka kuona mahali penyewe asielekezwe Mnara wa Saa, kama wafanyavyo baadhi yetu kwa haraka, bali aelekezwe Kaloleni, kwenye jengo ambalo sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, jirani na mnara wenye sanamu ya Mwenge.

Dhana: Ni sadfa tu kwamba CCM ilizaliwa siku ya Azimio.

Hapana sadfa yoyote. Siku ilichaguliwa ili chama kipya kizaliwe wakati ASP inatimiza miaka 20 na Azimio linatimiza miaka 10, na sherehe ya kuzaliwa kwake ilifanyika Zanzibar. TANU, iliyoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, tayari ilikuwa na siku yake, yaani Saba Saba. Hapa hujitokeza kosa jingine, la kudhani kwamba Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uliunganisha na vyama: Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliviacha vyote viwili, TANU kwa Tanzania Bara na ASP kwa Zanzibar, vikaendelea hivyo hadi 1977.

Dhana: Azimio lilikataza watu kuwa na nyumba za kupangisha, na ndilo lililochukua majengo ya mjini.

Dhana hii ndiyo iliyoota mizizi zaidi hapa Arusha na Moshi, na ina sababu yake, kwani wazee wengi waliyaona majengo ya katikati ya mji yakibadilisha mmiliki. Hata hivyo, sharti la nyumba za kupangisha lilikuwa la viongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, na sharti hilo lilimhusu pia mke au mume wake, jambo ambalo watunga masharti walilifikiria mapema, maana mlango wa kuandikisha mali kwa jina la mwenza ulikuwa wazi kabisa. Mkulima wa kawaida au mfanyabiashara asiye na cheo hakuguswa na sharti hilo.

Majengo yalichukuliwa na sheria nyingine, iliyopitishwa Aprili 1971, ambayo ilihusu majengo ya kupangishwa yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Fidia ilipungua kadiri jengo lilivyokuwa la zamani, na lililozidi miaka 10 halikulipiwa. Ndiyo maana mtu wa mjini alisema amepanga nyumba ya Msajili, yaani Msajili wa Majumba aliyekabidhiwa majengo hayo, kabla hayajahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kati ya Azimio na sheria hiyo ipo miaka minne, na katika masimulizi mengi ya vijiweni miaka hiyo humezwa.

Benki ni habari tofauti, kwa sababu zilifuata papo hapo: kutaifishwa kwake kulitangazwa Jumatatu, tarehe 6 Februari 1967, na katika mwezi huo huo ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara.

Dhana: Watu walihamishiwa vijijini kwa amri ya Azimio.

Azimio lilisisitiza kilimo na kujitegemea, lakini halikumhamisha mtu. Waraka wa Ujamaa Vijijini ulitoka Septemba 1967, nao ulitaka watu wajiunge kwa hiari. Amri ya kuishi vijijini ilikuja Novemba 1973, ikafuatwa na operesheni zilizoendelea hadi 1976.

Dhana: Azimio lilifutwa mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992.

Masharti ya uongozi yalilegezwa mwaka mmoja kabla ya hapo, na iliyoyalegeza ilikuwa CCM yenyewe. Februari 1991 Halmashauri Kuu yake ilikutana Zanzibar na kuruhusu mambo ambayo kiongozi alikatazwa mwaka 1967, zikiwemo hisa, mshahara wa pili na nyumba ya kupangisha. Uamuzi huo watu wakauita Azimio la Zanzibar. Hakukutolewa tangazo la kulifuta lile la Arusha, na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa ameshang'atuka, aliupinga hadharani.