Je, wajua? Kwa nini ziwa la lava la Erta Ale haligandi

Kama unaishi Arusha na una ndugu anayepeleka wageni Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano karibu na Ziwa Natron, basi hili umeshalisikia, mgeni kapanda usiku kucha kutokea Engare Sero, kafika juu alfajiri, anaanza kuuliza lile ziwa jekundu linalochemka liko wapi. Ziwa analolifikiria yeye mara nyingi ni la Erta Ale, kule Ethiopia, kwenye jangwa la Danakil kwa Waafar. Mlima wenyewe mfupi tu, mita 613, ila lava kileleni pake inatajwa tangu mwaka 1906, na hapo ndipo swali linapokuja, hivi inawezekanaje mawe yaliyoyeyuka yakae wazi juani miaka yote hiyo bila kuwa jiwe?

Wengi wanadhani ni bwawa, yaani lava ilitoka zamani ikajaa shimoni ikabaki palepale. Ingekuwa hivyo ingeshaganda kitambo, maana lava ya pale ina joto la nyuzi kama 1,100 hadi 1,200, kwa hiyo hata hewa ya Danakil, mojawapo ya sehemu zenye joto kali kuliko zote duniani, kwake ni baridi tupu.

Ukweli ni kwamba unachokiona pale ni mdomo wa bomba linaloshuka mpaka kwenye magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya mlima. Magma ya moto yenye gesi nyingi ni nyepesi so inapanda, ikifika juu gesi inatoka, inapoa kidogo, inakuwa nzito, inazama tena kupitia bomba hilohilo na nyingine ya moto inapanda kuchukua nafasi yake, na hivyo hivyo usiku na mchana. Mzunguko huo ukikatika ziwa linaganda, hakuna kingine kinacholishikilia.

Ndio maana uso wake hautulii. Juu inatanda ngozi nyeusi kama utando wa uji ulioachwa kwenye sufuria, halafu inapasuka mistari myekundu, vipande vinasogea, vinagongana, kimoja kinazama na pale kilipozamia lava inaruka juu. Mimi hiki ndicho kinanivutia kuliko hata ule mwekundu wa kwenye picha, kwa sababu ni kama mabamba ya ardhi, vile vipande vikubwa vinavyounda uso wa dunia, yanavyosogea lakini kwa spidi ambayo jicho linaweza kuifuata.

Na moto haukatiki kwa sababu pale Afar mabamba matatu yanaachana, la Afrika, la Somalia na la Arabia, ukoko wa dunia umekuwa mwembamba na magma inapata njia. Bonde la Ufa linaloanzia huko ndilo hilohilo linalopita kwetu Natron na Manyara.

Sasa kwa nini Lengai haina ziwa la namna ile wakati ni ufa uleule? Lava yetu ni ya aina nyingine kabisa, imejaa sodiamu na kaboneti, joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, mchana inaonekana nyeusi kama oili chafu na ikishapata unyevu inageuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava hiyo, kwa hiyo mgeni akilalamika hajaona wekundu mwambieni alichokanyaga hakipo kwingine. Lakini msiichukulie poa, mwaka 2007 kabla haijalipuka kwa majivu matetemeko yake yalisikika mpaka Nairobi.

Erta Ale nayo ina siku zake. Januari 2017 ziwa lilifurika, kisha ubavu wa mlima ukapasuka na lava ikatokea huko pembeni, ziwa likashuka sana. Tangu hapo kuna watu wanafika wanakuta moshi mtupu, so anayekuhakikishia utaliona usimlipe kwa ahadi hiyo.

Kwa anayetaka kwenda, kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, unaruka Addis Ababa, halafu unaunganisha kwenda Semera au Mekele, kisha ni gari jangwani na wenyeji wa Kiafar lazima muwe nao. Kupanda ni usiku kwa sababu ya joto. Beba maji mengi na barakoa nzuri ya gesi, moshi wa salfa unakaba koo vibaya upepo ukigeuka, simama upande upepo unakotokea. Na kabla ya kulipa chochote uliza hali ya usalama, mwaka 2012 watalii waliuawa kule na vita vya Tigray vilifunga njia ya Mekele.