Asosieti ya Masomo ya Jumla: hesabu iko kwenye krediti 18

"Mwalimu, mimi niko na 67. Si wanataka 60?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa Bukavu anayefanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo hapa Houston. Aliitandaza karatasi yake ya matokeo mezani, akaigongagonga kwa kidole pale chini penye jumla. Kushangaa ilikuwa haki yake. Digrii ya asosieti, ile ya miaka miwili, inadai krediti 60 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), yeye anazo 67, na kompyuta ya chuo bado inasema hajamaliza. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Hesabu ni ileile.)

Tukachukua kalamu nyekundu. Krediti 12 zilikuwa za Kiingereza cha wageni na hesabu za maandalizi. Alizilipia, alizitolea jasho, zimeandikwa kwenye karatasi, lakini kwenye digrii hazimo. Nyingine 6 zilitokana na cheti cha malezi ya watoto alichokianza akakiacha njiani. Hizo ni za ufundi, na programu yake haizipokei. Zikabaki 49. Na ndani ya hizo 49, kozi mbili za lazima hazikuwepo: ya serikali ya Texas na ya sanaa. Miaka minne ya kusoma mchana na kubeba maboksi usiku, na bado anadaiwa krediti 11.

Mimi ni mshauri wa masomo katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, huku Texas. Wanaokuja mezani kwangu wakizungumza Kiswahili ni Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi, na wengi wao wameandikishwa Masomo ya Jumla. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni moja: "Niliambiwa ni rahisi, unachagua unachotaka." Hapo ndipo penye tatizo. Kati ya digrii zote za miaka miwili, hii ndiyo inayotaka mpango mkali kuliko nyingine, kwa sababu hakuna aliyekupangia.

Kwanza jina, maana linaleta mabishano kila wiki. Mtanzania akisikia asosieti anauliza kama ni stashahada au astashahada. Mkenya anasema basi ni diploma. Kwa muda inakaribiana na hiyo, kwa kazi hapana. Diploma ya nyumbani hukutoa ukiwa na fani: uhasibu, kilimo, uuguzi. Asosieti ya Masomo ya Jumla haikupi fani. Ni nusu ya kwanza ya digrii ya miaka minne, imekatwa ikawekewa cheti chake. Ndivyo vyuo vya jamii vilivyozaliwa. Kile cha Joliet, Illinois, kilichofunguliwa mwaka 1901 na ndicho cha umma kikongwe kuliko vyote vinavyofanya kazi hadi leo, kilianza kama mahali pa kusomea miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama mji. Kwa hiyo mtu akiniuliza "nikimaliza nitaajiriwa kama nani?", namjibu kwa swali: unakwenda kumalizia wapi?

Texas ina utaratibu unaosaidia sana ukiujua. Kila chuo cha umma kina kozi za msingi za krediti 42, na mgawanyo wake ni mmoja jimbo zima: mawasiliano 6, hesabu 3, sayansi ya viumbe au maumbile 6, lugha, falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali na siasa 6, sayansi ya jamii 3, na 6 za mwisho ambazo kila chuo hujipangia. Ukizikamilisha zote 42 kwenye chuo cha umma, chuo kikuu cha umma cha Texas kinalazimika kuzipokea kama furushi moja badala ya msingi wake. Hakiwezi kukuambia rudia historia kwa sababu ya kwao ni tofauti. Ukihama na 36, furushi halijafungwa: zitapokelewa mojamoja, na zilizobaki utazikamilisha kwa masharti ya huko uendako. Vyuo vikuu binafsi havibanwi na sheria hiyo, kwa hiyo mwenye ndoto ya huko aulize mapema.

Jifunze pia kusoma namba za kozi. Ni kitu cha dakika mbili na kingemwokoa yule mama. Chukua ENGL 1301. Tarakimu ya kwanza ni ngazi: 1 ni mwaka wa kwanza, 2 ni wa pili. Ya pili ni idadi ya krediti, hapa 3. Mbili za mwisho ni za kuitofautisha tu na kozi nyingine. BIOL 2401 basi ni ya mwaka wa pili, krediti 4, maana ina maabara. Na namba ikianza na 0, hiyo ni ya maandalizi. Haihesabiki kwenye digrii hata ukipata A. Sisemi usiisome. Kuna watu wanaihitaji kwelikweli, na mtihani wa TSI wa kupima utayari ndio unaoamua hilo kwa wengi. Ila ufanye mtihani huo ukiwa umejiandaa. Naona watu wenye hesabu nzuri za Form Four wanaingia chumbani baada ya miaka 15 bila kugusa aljebra, wanapangiwa maandalizi, kisha wanalaumu chuo.

Tuje sasa kwenye kichwa cha habari. 60 ukitoa 42 zinabaki 18. Hizo ndizo wanazoita za kuchagua, na ndizo zinazoliwa na panya. Mtu anajaza muziki, yoga, upigaji picha, kozi ya rafiki yake, kozi iliyokuwa na nafasi Jumanne jioni. Anapata asosieti, anapiga picha na joho, anafika chuo kikuu kusomea biashara, anaambiwa: karibu, sasa anza uhasibu wa kwanza. Zile 18 zimepokelewa, ndiyo, lakini zimepokelewa kama za kuchagua, na digrii anayoitaka haina nafasi nyingi za kuchagua.

Mimi napanga kinyumenyume. Naifungua orodha ya kozi za digrii ya chuo kikuu anachokitaka, ile ya miaka minne yote, naichapa, tunatia alama kila kozi ya miaka miwili ya kwanza inayofundishwa kwetu. Halafu ndipo tunashuka kwenye karatasi ya asosieti.

Mfano wa biashara. Anatakiwa MATH 1324, hesabu za biashara na sayansi ya jamii: naiweka kwenye zile 3 za hesabu za msingi. Anatakiwa ECON 2301, uchumi wa nchi kwa jumla: hiyo inakaa kwenye sayansi ya jamii. Hadi hapo kozi mbili zimefanya kazi mara mbili na hatujagusa zile 18. Ndani ya 18 nampa ACCT 2301 na 2302 za uhasibu, ECON 2302, MATH 1325 na BCIS 1305 ya kompyuta. Zimekwenda 15. Tatu za mwisho, haya, kasome muziki.

Anayetaka ualimu nampa EDUC 1301 na EDUC 2301 humohumo. Anayetaka ustawi wa jamii au saikolojia mambo ni mepesi zaidi, na kwa hao Masomo ya Jumla yanafaa hasa. Anayetaka uhandisi namwambia aondoke kwenye programu hii leo, aende asosieti ya sayansi, kwani ngazi ya kalkulasi na fizikia ni ndefu na kila muhula unaopotea unarudisha nyuma mwingine.

Kwenye hesabu nitakaa kidogo, kwa sababu krediti 3 tu zinaweza kukugharimu mwaka. MATH 1332, hesabu za maisha ya kila siku, inajaza nafasi ya msingi vizuri. Watu wanaipenda kwa kuwa haina aljebra nzito. Lakini si mlango wa kozi nyingine ya mbele. MATH 1342 ni takwimu, na programu nyingi za afya na saikolojia zinaitaka hiyo. MATH 1314 ni aljebra ya chuo, njia ya kwenda sayansi. Aliyesoma 1332 kisha akageukia biashara atarudi kusoma 1324, na ofisi ya msaada wa fedha inaweza kuuliza kwa nini.

Na kwa kuwa tumegusa fedha: Pell Grant, ruzuku ya masomo ya serikali kuu, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma kikamilifu. Watu wengi hawajui. Wanakula mihula minane kwenye chuo cha jamii, wanafika chuo kikuu ambako ada ni kubwa wakiwa na minne. Tena msaada wa serikali kuu unalipia kozi zilizomo kwenye programu yako tu. Yoga iliyozidi nafasi unajilipia. Na ukipita asilimia 150 ya krediti za programu, yaani 90 ulizojiandikisha kwa digrii ya 60, umevuka mpaka wa msaada huo. Zile ulizofeli na ulizoacha nazo zinahesabiwa. Mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, haya ya Pell hayamhusu, hana sifa. Yake ni mengine: angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, na ndani ya hizo kozi moja tu ya mtandaoni ndiyo inayohesabiwa.

Kumi na mbili zinakufanya mwanafunzi kamili, lakini gawanya 60 kwa 12 uone: mihula mitano, si minne. Ukitaka miaka miwili ni 15 kila muhula. Kwa mtu mwenye watoto na zamu za usiku simwambii achukue 15. Bora 6 za kila muhula pamoja na 6 za kiangazi, 18 kwa mwaka, miaka mitatu na ushei, kuliko 15 ambazo nusu yake zitaishia kuachwa.

Kuacha kwenyewe kuna bei hapa. Aliyeanza chuo Texas tangu msimu wa vuli 2007 anaruhusiwa kuacha kozi sita tu katika masomo yake yote ya digrii ya kwanza kwenye vyuo vya umma vya jimbo hili. Sita, kwa maisha, hata ukihama chuo. Ila kuna tarehe moja ya kuandika ukutani: kwenye muhula wa wiki 16, siku rasmi ya kuhesabu wanafunzi ni siku ya 12 ya masomo. Ukijiondoa kabla yake, kozi haiachi alama kwenye karatasi wala haiingii kwenye zile sita. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza si za kuzoeana na mwalimu. Soma mtaala wake, fanya kazi ya kwanza, amua.

Wenye vyeti vya nyumbani wananiuliza kama vitapunguza kitu. KCSE au Form Four vinakuhesabia sekondari, basi. Diploma au miaka ya chuo kikuu uliyoiacha inaweza kuleta krediti, lakini lazima ipite kwa kampuni ya kutathmini vyeti vya nje, na tathmini iwe ya kozi kwa kozi. Kabla hujalipa, uliza chuo kinakubali kampuni ipi. Nimeona watu wakilipa mara mbili.

Wakongo nina neno lenu. Kuna mitihani iitwayo CLEP: unalipa ada ndogo ukilinganisha na kozi, unafanya mtihani mmoja, ukifaulu unapewa krediti. Upo wa Kifaransa. Mtu aliyesoma hadi diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, kwa Kifaransa akiufanya baada ya kujiandaa kidogo, anaweza kutoka na krediti 6 au zaidi kutegemea alama zake na sera ya chuo. Kijerumani upo, Kihispania upo. Cha Kiswahili hakuna, na hilo linaniuma kila ninapolitamka mbele ya mtu wa Tanga.

Angalia tu usizidishe krediti za nje, maana vyuo vya huku hudai angalau robo ya digrii, yaani 15 kati ya 60, isomwe kwao. Na ahadi yoyote ya "hiyo itahama" iombe kwa barua pepe. Mimi mwenyewe niliwahi kumwamini mtu wa chuo kikuu kimoja kwa simu, nikampeleka mwanafunzi kwenye kozi ambayo baadaye haikukubaliwa. Aliyelipa ni mwanafunzi.

Kwa yule mama tulimaliza hivi. Anataka uuguzi, na hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye faili lake. Kwa miaka minne hakuna aliyemuuliza. Ndiyo maana biolojia alizosoma zilikuwa 1408 na 1409, za wasiokwenda kwenye sayansi. Kwa asosieti zinatosha, kwa uuguzi hazimfikishi. Badala ya kujaza 11 kwa chochote, tumeandika kozi nne: GOVT 2306 ya serikali ya Texas, ARTS 1301 ya sanaa, BIOL 2401 na BIOL 2402 za anatomia. Ni krediti 14, atamaliza na 63. Tatu za ziada, lakini anatomia itakuwa imeshasomwa.

Maabara iliyobaki na nafasi ni ya Jumamosi saa mbili asubuhi. Yeye anatoka ghalani saa kumi na mbili. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye kifuko cha simu, akaniambia atakuwa analala mchana.