Marumaru ya Kuchora: Dhana Potofu na Ukweli Wake

"Ni marumaru ya asiyeweza kununua jiwe." Marumaru ya kuchora ni rangi inayopakwa juu ya mbao au plasta ili ionekane kama jiwe la marumaru, na hii ndiyo dhana juu yake inayoniuma zaidi. Tazama jumba la opera la Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, kazi ya msanifu majengo Ange-Jacques Gabriel, lililofunguliwa tarehe 16 Mei 1770 katika sherehe za ndoa ya Marie-Antoinette na kijana aliyekuja kuwa Louis XVI. Ndani yake karibu kote ni mbao, zikapakwa rangi mpaka jicho likaona jiwe. Mfalme wa wakati huo, Louis XV, hakukosa marumaru. Kasri hilohilo limejaa marumaru halisi. Mbao zilijengeka haraka, tena zinaipokea sauti vizuri kuliko jiwe. Karne ya 19 rangi ile ilifunikwa kwa nyekundu, na ukarabati wa miaka ya 1950 ndio ulioirudisha.

"Mtindo wa Louis XVI, wa mistari iliyonyooka na kuwaiga Warumi wa kale, ulianza na mfalme huyo." Jina tu ndilo lake. Alirithi ufalme mwaka 1774, wakati Petit Trianon, kasri dogo la Versailles lenye mistari hiyo iliyonyooka, lilikwisha kujengwa kufikia 1768. Kilichowaamsha Wafaransa ni uchimbaji wa miji ya Kirumi iliyofukiwa na volkano nchini Italia: Herculaneum, kuanzia 1738, na Pompeii, kuanzia 1748. Na kuta za Pompeii zenyewe zina plasta iliyopakwa kuiga marumaru! Aliyeiga jiwe kwa brashi alikuwa akifuata desturi ya Warumi haohao aliowahusudu.

"Ni kuchora mistari ovyo tu." Fundi huiga jiwe mahususi: marumaru nyeupe ya Carrara, Italia, au nyekundu ya Languedoc, kusini mwa Ufaransa, yenye mabaka meupe. Hutandika rangi tabaka kwa tabaka, hulainisha kingo kabla hazijakauka, kisha huvuta mishipa kwa brashi nyembamba au unyoya, na mwisho vanishi. Mishipa yote ikilingana unene, ujue mkono ule haukulitazama jiwe.

"Basi samani zote za enzi ile ni za kuchora." La. Kabati za droo za mafundi wakubwa wa Paris kwa kawaida zilikuwa na bamba la jiwe halisi juu. Weka kiganja: jiwe ni baridi, mbao hazina ubaridi ule. Au jaribu kuliinua. Bamba la mita 1 kwa nusu mita, lenye unene wa sentimita 2, lina kilo 27 hivi.

Ukiambiwa meza ya zamani ya kuchora ipigwe msasa ili mbao zionekane, kataa. Tabaka lile ni jembamba mno, na likishaondoka halirudi.