Uuguzi: yanayosemwa mtaani na yaliyoko wodini

"Uuguzi ni kozi ya waliokosa nafasi ya udaktari."

Hii inaniudhi kuliko zote. Mwanafunzi wa uuguzi husoma anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na famakolojia, na wakati huohuo anatakiwa wodini akijifunza kwa vitendo. Katika Umoja wa Ulaya, sheria inataka muuguzi wa huduma za jumla asome kwa miaka isiyopungua 3 na saa zisizopungua 4,600, na angalau nusu ya saa hizo ziwe za vitendo, kwa wagonjwa. Wenzake wa kozi nyingine wakitoka darasani wanakwenda maktaba. Yeye anavaa sare na kuingia zamu ya jioni, na mtihani wa kesho haujaahirishwa.

Kisha kuna hesabu. Dripu ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8, mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita: ni matone mangapi kwa dakika? Jibu ni kama 42, na anatakiwa kulipata huku mgonjwa wa kitanda cha pili akimwita. Vyuo vingi havikubali alama za wastani katika mtihani wa hesabu za dawa, na vina haki. Nukta ya desimali ikihama nafasi moja, mgonjwa anapata dozi mara kumi.

"Muuguzi anatekeleza tu alichoagiza daktari."

Mchukulie mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo asubuhi. Jioni mapigo ya moyo yake ni 88 kwa dakika. Baada ya saa mbili ni 104, kisha 118. Anapumua haraka kidogo kuliko mwanzo, mkojo kwenye mfuko umepungua, ngozi ina ubaridi, na anasema hajisikii vizuri bila kuweza kueleza zaidi. Presha yake bado ni nzuri. Ndugu aliyekaa pembeni ataona mtu aliyechoka tu. Muuguzi aliyesoma vizuri atashuku kwamba huenda damu inavuja ndani, kwa sababu mwili hubana mishipa na kuongeza mwendo wa moyo ili presha isishuke. Ikianza kushuka, muda mwingi umeshapotea.

Katika hali hiyo hakuna agizo la kutekeleza. Daktari hayupo, alipita asubuhi, na pengine sasa yuko chumba cha upasuaji. Muuguzi ndiye anayeamua kupima tena sasa hivi badala ya kusubiri muda uliopangwa, ndiye anayepiga simu, na akijibiwa "msubiri kidogo" ndiye anayepaswa kusema hapana, njoo sasa. Kumwambia hivyo mtu mwenye cheo kikubwa kuliko chako, usiku, ukiwa na mwaka mmoja kazini, ni sehemu ngumu ya kazi hii ambayo haiandikwi kwenye fomu ya kujiunga na chuo.

Hata agizo likiwapo, ana wajibu wa kulihoji. Kloridi ya potasiamu ikisukumwa kwenye mshipa bila kuzimuliwa inaweza kusimamisha moyo. Kabla dawa haijaingia mwilini, mara nyingi mtu wa mwisho anayeweza kulikamata kosa ni yule aliyeshika sindano. Likipita, kusema "niliagizwa" hakumwondolei lawama: sahihi kwenye karatasi ya dawa ni yake.

"Kinachotakiwa ni moyo wa huruma."

Huruma inatakiwa, lakini haitoshi. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza wa karne ya 19, anakumbukwa kwa taa aliyozunguka nayo wodini usiku, ilhali mwaka 1860 alianzisha shule ya kufundisha uuguzi katika hospitali ya St Thomas', London, na kabla ya hapo alikuwa ametumia takwimu kuonyesha kwamba askari wengi wa vita vya Crimea walikufa kwa magonjwa kuliko kwa majeraha. Nadhani dhana hii inaishi kwa sababu wauguzi wengi duniani ni wanawake, na ujuzi wa mwanamke hugeuzwa kirahisi kuwa tabia aliyozaliwa nayo. Anayemgeuza mgonjwa kitandani anakagua ngozi ya visigino na kiuno asipate vidonda vya kulalia, anasikiliza kifua, anaona kama mguu mmoja umevimba. Mpitaji anaona mtu mwema akipanga mito.

"Wakiwa wachache, watajitahidi tu."

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la The Lancet, uliofanyika katika nchi 9 za Ulaya, ulichunguza wagonjwa wa upasuaji. Ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe huongezeka kwa 7%. Hilo haliondolewi na kujitahidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 29.8, na upungufu wa milioni 5.8.

"Zamu za usiku mwili huzizoea."

Wengi hawazizoei kikamilifu. Saa ya mwili hufuata mwanga, na zamu zikibadilika kila wiki haipati nafasi ya kutulia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeweka kazi za usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani.

"Ukichomwa sindano ya mgonjwa, umekwisha."

Hapa hofu imezidi ukweli. Mgonjwa akiwa na VVU, hatari ya kuambukizwa ni takriban 3 kati ya 1,000, na dawa za kinga huanzwa mapema kadiri inavyowezekana, ndani ya saa 72. Cha kuogopwa zaidi ni homa ya ini aina ya B, ambayo kwa asiyechanjwa hatari yake inaweza kufika 30%. Mwanafunzi akamilishe chanjo kabla ya kuingia wodini. Akichomwa, aoshe kwa maji na sabuni, asikamue, na atoe taarifa hapohapo bila kuona aibu.

"Ukihitimu, ugumu umeisha."

Miezi ya kwanza kazini huwaelemea wengi kuliko mitihani yote. Chuoni alikuwa na msimamizi nyuma yake na wagonjwa wachache. Sasa ana wodi, simu, ndugu wa wagonjwa, na kwa mara ya kwanza mtu anafariki akiwa zamu yake huku wengine wakisubiri dawa za saa 12. Kabla ya kusaini mkataba wa kwanza, uliza mambo mawili: utafanya kazi na muuguzi mzoefu kwa muda gani kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yako, na usiku wodi hubaki na wauguzi wangapi.