GN60 si mita sitini, wala si wati sitini

Tangazo la flashi likiandikwa "GN60", kuna wanaosoma mita 60, kana kwamba mtu aliye ng'ambo ya pili ya Kenyatta Avenue atamulikwa sawasawa. Kuna wanaosoma wati 60. Muuzaji naye anakoleza: "Hii ni sitini boss, hiyo nyingine ni hamsini na mbili tu." Hapo ndipo anayeanza kujifunza kupiga picha na flashi nje ya kamera anapotoa pesa kwa hesabu isiyo yake.

GN ni namba ya mwongozo. Chukua umbali kutoka flashi hadi kwa anayepigwa picha, zidisha kwa namba ya f (ukubwa wa tundu la lenzi) inayotoa picha yenye mwanga wa kutosha, flashi ikiwa kwenye nguvu zote na kamera kwenye ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga). Jibu ndilo GN. Flashi ya GN 40, mtu yuko mita 5: weka f/8. Akiwa mita 10: f/4. Umbali unaohesabiwa ni wa flashi, si wa kamera. Flashi ikishakaa kwenye stendi, wewe unaweza kurudi nyuma mita 8 na lenzi ndefu, na hesabu haitikisiki. Matangazo mengine huandika kwa futi, na ndiyo maana utakuta namba kama 197. Gawanya kwa 3.28 urudi kwenye mita.

Kwa sababu mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, namba hii haipandi wala kushuka sambamba na nguvu. Ukishusha flashi hadi robo ya nguvu, GN haiwi robo, inakuwa nusu. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 400, inakuwa maradufu. Na flashi mbili za 60 zikifungwa pamoja hazifanyi 120. Zinafanya kama 85, maana unazidisha kwa 1.4 tu.

Namba yenyewe ilizoeleka enzi za balbu za flashi, zile zilizoungua mara moja zikatupwa. Boksi la balbu lilikuwa na jedwali lililochapishwa kulingana na filamu, spidi ya shata na sahani ya kuakisi mwanga. Mpiga picha aligawanya kichwani, akafungua lenzi, akapiga. Jedwali zima lilikuwa mbele ya macho yake. Siku hizi imebaki namba moja kwenye tangazo, na sharti lililofutwa ndilo muhimu kuliko yote: zumu ya kichwa cha flashi.

Ndani ya kichwa cha flashi kuna taa iliyo nyuma ya kioo chenye mistari, nayo husogea mbele na kurudi nyuma. Ikirudi nyuma, mwanga unabanwa kuwa mwembamba na kufika mbali. Ikija mbele, unatawanyika. Ni kama kubana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani: maji yanaruka mbali zaidi, lakini bomba halijaongeza hata tone. Kwa hiyo GN60 ya Godox TT600, ambayo ni flashi nzuri ya kuanzia, imepimwa zumu ikiwa 200, yaani mwanga umebanwa kutosha lenzi ya milimita 200. Hiyo 52 "tu" ya Godox AD200 imepimwa kichwa chake cha kioo kikiwa sawa na zumu ya 35. AD200 ina joule 200 za nishati, na flashi ndogo ya betri nne haikaribii hapo. Anayechagua 60 kwa kudhani ameiacha iliyo dhaifu amechagua dhaifu zaidi.

Canon walifanya mchanganyiko huu uonekane hadi kwenye majina. 580EX imeitwa hivyo kwa sababu GN yake ni 58 kwenye zumu ya 105. 600EX ni 60, lakini kwenye 200. Ukitazama majina utadhani nguvu imeongezeka, kumbe sehemu kubwa ya tofauti ni kichwa kubana mwanga zaidi. Nikon kwa upande wao walizoea kutaja kwenye 35, kwa hiyo SB-910 iliandikwa 34 na watu wakaiona kama mtoto mbele ya 58. Hiyo 580EX II ukiishusha hadi zumu ya 35 inabaki na 36. Yaani tofauti karibu hakuna.

Na 35 ndiyo zumu itakayokuhusu. Hakuna anayeweka mwavuli kwenye stendi kisha akapiga kwa 200. Mwanga ungeangukia kipande kidogo katikati ya kitambaa na mwavuli usifanye kazi yake. Utaweka 24 au 35 ili ujae. Chukua flashi ya aina hii kuwa na 36 hapo. Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga hula karibu stopu mbili (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), na kila stopu inagawanya GN kwa 1.4, kwa hiyo mbili zinaikata nusu: imebaki 18. Kuanzia hapo ni kukadiria, kwa kuwa GN ni ya mwanga unaotoka moja kwa moja, lakini makadirio yanatosha kuamua cha kununua.

Tuseme ni saa saba mchana, jua la Nairobi liko utosini, na bibi harusi anataka picha sasa hivi. Kwa ISO 100 na shata ya 1/200, jua lenyewe linataka takriban f/11. Mwavuli wako ukiwa mita 2 unakupa 18 gawanya kwa 2, yaani f/9. Haujafika. Usogeze hadi mita 1.5, unapata f/12, na uso umepata mwanga wa kushindana na jua. Kupandisha ISO hapo hakusaidii, kwa sababu jua nalo linapanda pamoja. Kukimbilia shata ya kasi zaidi kwa mtindo wa HSS (flashi kufuata shata ya kasi) ndiko kubaya kuliko vyote kwa flashi ndogo, kwa maana inalazimika kumwaga mwanga kidogo kidogo muda wote shata inapopita, na nguvu inashuka sana. Sogeza stendi, au mtoe bibi harusi kwenye jua umweke chini ya mti. Na funga mfuko wa mchanga kwenye mguu wa stendi, upepo unapenda miavuli.

Kwa hiyo anayeanza hahitaji kupigania GN. Flashi ndogo za bei nafuu zenye kichwa cha ukubwa kama wa TT600 zinatofautiana kidogo mno kwa mwanga. Zinapotofautiana ni kwenye mambo mengine: kama ina kipokezi cha redio ndani, ili ununue triga moja tu ya juu ya kamera, kifaa kinachoiamuru flashi iwake (TT600 na Yongnuo YN560 IV zote zinacho); kama triga hiyo ina mguu unaolingana na kamera yako, hasa Sony; na kama utaweka betri nne za kuchaji za NiMH badala ya zile za alkali. Alkali zina volti zaidi kwenye karatasi lakini zinabanwa zinapotakiwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Baada ya picha kadhaa za nguvu zote utakuwa unasubiri taa ya utayari huku wageni wamechoka kutabasamu. Pesa iliyobaki inunue mwavuli na stendi isiyoyumba.

Muuzaji aliyesema "hii ni sitini" hajadanganya, amesoma boksi. Muulize kwa upole, sitini kwenye zumu gani? Vijitabu vingi vya flashi vina jedwali la nguvu na zumu kwenye kurasa za nyuma. Tafuta mstari wa 1/1, yaani nguvu zote, fuata hadi safu ya 35, na ufanye hivyo hivyo kwa ile nyingine unayoilinganisha nayo.