Kiwanda cha chipu kinaanzia chuoni

Majuzi mzazi mmoja alinisimamisha baada ya mkutano hapa chuoni akaniuliza, mwalimu, hivi Wamarekani na utajiri wote ule wanahangaika nini kujenga kiwanda cha chipu, vile vipande vidogo vya silikoni vinavyoendesha simu na magari? Nikamwambia mzee, kujenga wanajenga, kazi ni kupata watu wa kuingia mle ndani asubuhi waziendeshe zile mashine. Mazungumzo yakawa marefu, na kwa vile ndio kazi ninayofundisha kila siku nimeona niyaandike.

Mwaka 1990 Marekani ilishika kama asilimia 37 ya utengenezaji wa chipu duniani. Kufika 2020 imebaki na 12 hivi, kazi imeshahamia Asia, Taiwan na Korea Kusini hasa. Korona ilipokuja magari yakajazana kwenye mayadi, yana injini, yana viti, yana kila kitu, yanangoja chipu tu. Ndipo Agosti 2022 Rais Biden akasaini sheria ya CHIPS, dola bilioni 52.7, ambapo bilioni 39 ni za kuwapa wenye viwanda motisha ya kujenga na bilioni 11 za utafiti. Kwenye hizo 11 ndiko vyuo vilikopata mlango mkubwa, na wengi wanaziona kama chenji iliyobaki. Mimi naona bila hizo hata zile 39 zitahangaika.

Ingia nami maabara kidogo uone. Taa zote ni za manjano, manake ile dawa inayopakwa juu ya weifa, yaani sahani nyembamba ya silikoni, inaharibika kwa mwanga wa kawaida. Mwanafunzi amevaa ovaroli kutoka kichwani hadi miguuni, macho tu ndio unayaona, anaishika weifa ukingoni kabisa kwa kikoleo, anaiweka kwenye mashine, anadondosha dawa katikati, mashine inazunguka maelfu ya mara kwa dakika na dawa inatandaa ikawa utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Halafu anainamisha weifa kwenye taa anaangalia. Akiona mstari kama mkia wa kimondo umetoka katikati ukakimbilia ukingoni, basi kavumbi kalikuwepo, na hapo hakuna kubembeleza, anaosha anaanza upya. Mara ya kwanza mkono unatetemeka, mara ya kumi mkono umeshajua. Huo ujuzi huupati kwenye daftari, na hakuna kiwanda kitakachokuruhusu ujifunzie kwenye mashine ya mamilioni ya dola ikiwa kazini.

Ndio maana Julai 2023 TSMC, wale watengeneza chipu wa Taiwan wanaojenga kiwanda jimbo la Arizona, Marekani, walisema uzalishaji utasogea kutoka 2024 hadi 2025 kwa uhaba wa mafundi wenye ujuzi wa kufunga mitambo. Pesa ilikuwepo, jengo lilikuwepo. Vyuo vya kati vya Maricopa pale pale Arizona vilikuwa vimeshaanzisha kozi ya siku kumi hivi ya mafundi wa chipu, na Chuo Kikuu cha Purdue kule Indiana wakaanza 2022 masomo ya semikondakta, yaani malighafi ya chipu kama silikoni, kuanzia cheti hadi masta, na 2024 SK hynix, watengeneza chipu wa Korea, wakatangaza kujenga kiwanda hapo hapo kwa karibu dola bilioni 3.9. Kampuni inafuata walipo watu.

Na hili sio jambo jipya. Tangu 1981 kulikuwa na mpango unaitwa MOSIS, pesa ya serikali kupitia DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Southern California, ambapo wanafunzi wa vyuo mbalimbali walichangia weifa moja kama abiria wanavyochangia matatu, kila mmoja na kijinafasi chake, na mwisho kila mtu anapokea chipu aliyoichora mwenyewe. Transista, yaani swichi ndogo sana ndani ya chipu, aina ya FinFET iliyo ndani ya simu nyingi leo ilitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley miaka ya 1990 mwishoni, kwa profesa Chenming Hu na wenzake, tena kwa pesa za DARPA hizo hizo, na kampuni ya chipu ya Intel iliiingiza sokoni kama miaka 12 baadaye. Miaka 12! Mfanyabiashara gani angesubiri hivyo peke yake?

Kinachoniuma ni pesa ya kusuasua. Januari 2025 Chuo Kikuu cha Arizona State kilichaguliwa kuwekewa kituo kikubwa cha majaribio ya chipu, lakini kufika Agosti serikali mpya ya Trump ikatangaza kuchukua tena dola bilioni 7.4 za Natcast, shirika lililopewa kusimamia sehemu ya utafiti ya sheria ile ya CHIPS. Kumfikisha mwanafunzi hadi shahada ya udaktari (PhD) ni miaka mitano, sita, sasa ukikata katikati huyo anaenda kutafuta kazi nyingine na mkono wake unaondoka na kila ulichojifunza.

Kwetu Kenya tayari kuna kampuni ya chipu, Semiconductor Technologies Limited, iko Nyeri ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na ni vizuri imewekwa chuoni. Yule mzazi ana binti kidato cha nne anayependa fizikia. Nimemwambia amlete Jumamosi tumvalishe ovaroli, ashike weifa mwenyewe.