"Pingili zimesagika, nikafungwe vyuma?" Dhana potofu kuhusu upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo

Mtu aliyeumwa mgongo kwa miaka utamjua kwa bahasha. Ile bahasha kubwa ya picha anayoibana kwapani kutoka kwenye kipimo hadi kliniki, na kutoka kliniki hadi kwa shemeji yake, ambaye si daktari lakini ataitoa picha na kuielekeza dirishani kama bingwa. Ripoti iliyomo ndani ina maneno mengi ya kitaalamu, ila nyumbani hubaki mawili tu: pingili zimesagika. Kuanzia hapo familia hugawanyika. Huku wanasema "kafungwe vyuma upone", kule wanasema "usithubutu, utapooza". Wote wamekosea, ingawa hawakukosea kwa kiasi kimoja.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Daktari huchukua pingili mbili au zaidi zinazocheza, akapandikiza vipande vya mfupa ili ziote pamoja ziwe kitu kimoja, halafu akazishika kwa skrubu na vyuma. Watu husikia vyuma wakadhani vyuma ndiyo tiba. Vyuma ni mirunda. Fundi akisimamisha mirunda chini ya zege la ghorofa hategemei ibebe nyumba milele, anasubiri zege likamate. Hapa kinachosubiriwa ni mfupa kuota, na hiyo ni kazi ya miezi sita hadi mwaka, wakati mwingine zaidi. Usipoota, skrubu hulegea au chuma hukatika, maana chuma kinachopindwa kila siku nacho huchoka.

Kwa hiyo upasuaji huu unafanya jambo moja: unazuia kitu kisicheze. Shika hilo, tutalirudia.

"Picha imeonyesha, basi hapo ndipo panapouma"

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti kadhaa za picha za migongo ya watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa, yaani zile pedi laini zilizo kati ya pingili, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski zilizotokeza nje ya mahali pake zilikuwa asilimia 30 katika umri wa miaka 20, na asilimia 84 katika miaka 80. Hao, narudia, ni watu wasioumwa.

Chukua foleni nzima ya watu wa makamo pale stendi ya Mbagala, uwapige wote picha za MRI. Wengi watatoka na ripoti ya kutisha, kisha watapanda daladala kwa kupitia dirishani.

Picha inakuambia kipi kimechakaa. Haikuambii kipi kinauma. Maumivu ya kiuno yanaweza kutoka kwenye diski, kwenye viungio vidogo vya nyuma ya pingili, kwenye misuli, na yakikaa miaka hata mfumo wa neva unaoyapokea huanza kupiga kelele kwa jambo dogo. Usingizi mbovu na mawazo huyakoleza. Kusema hivyo si kusema mgonjwa anajisingizia, kama wanavyopenda kudai wasiowahi kulala wima kwenye kiti usiku mzima. Ni kusema tu kwamba skrubu hailengi hayo yote.

"Vyote vimeshindikana, sasa upasuaji ndio utaweza"

Naielewa dhana hii. Mtu amekunywa diklofenaki mpaka tumbo limegoma, amechuliwa, ameombewa, amevaa mkanda wa kiuno. Anaona kilichobaki ni kikubwa, na kikubwa lazima kiwe na nguvu.

Swali hili limepimwa kwa kugawa wagonjwa kwa kura. Sweden, mwaka 2001, wagonjwa 294 wenye maumivu sugu ya kiuno: baada ya miaka miwili, asilimia 63 ya waliounganishwa pingili walisema wana nafuu, dhidi ya asilimia 29 ya waliopata tiba ya kawaida bila kisu. Mtetezi wa upasuaji ataishia hapo. Lakini ile tiba ya kawaida ilikuwa fizio, yaani tiba ya viungo, ya aina ileile ambayo wengi wao walishaipitia bila mafanikio. Na hata upande wa kisu, zaidi ya theluthi moja hawakuona nafuu.

Uingereza wakalinganisha tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwagawa wagonjwa 349: upande mmoja upasuaji, upande mwingine programu kali ya mazoezi, wiki tatu, siku tano kwa wiki, kwa wastani saa 75 hivi, pamoja na mafunzo ya kuishinda hofu ya kuutumia mgongo. Baada ya miaka miwili tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuona sababu ya wazi ya kupendelea kisu. Tuwe wakweli hapa: asilimia 28 ya waliopangiwa mazoezi waliishia kupasuliwa ndani ya muda huo. Mazoezi hayakumfaa kila mtu. Lakini wengi walikwepa chumba cha upasuaji, na hali zao hazikuachana sana na za waliopasuliwa. Utafiti mdogo wa Norway, wenye wagonjwa 64, ulishaonyesha mwelekeo huohuo mwaka 2003.

Ndiyo maana NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliandika mwaka 2016 kwamba wenye maumivu ya kiuno wasifanyiwe upasuaji wa kuunganisha pingili, isipokuwa wakiwa ndani ya utafiti.

Sasa rudi kwenye ile kauli, "fizio nilishafanya". Ukiuliza alifanya nini, mara nyingi utaambiwa alilala kifudifudi chini ya taa ya joto, akabandikwa mashine ya umeme dakika ishirini, mara sita, akarudi nyumbani. Huko ni kupumzishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi yenye mpango na elimu ya kujihudumia, na haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo, wala hizo mashine za umeme. Saa 75 za jasho ni kitu kingine kabisa. Najua pia kwamba kupata programu ya namna hiyo kwetu ni kazi, na kwamba bima inaweza kulipia kisu kwa wepesi kuliko wiki tatu za mazoezi. Hilo ni tatizo la mfumo, na halikifanyi kisu kuwa dawa.

"Upasuaji wa mgongo ni mmoja"

Hapana. Kukata kipande cha diski kinachobana neva ya mguu ni jambo moja, kupanua njia ya neva iliyosinyaa kwa uzee ni jingine, kuunganisha pingili ni la tatu. Jirani aliyepona maumivu ya kushuka mguuni baada ya operesheni ndogo si ushahidi kwamba vyuma vitaponya kiuno chako. Hata kwa njia ya neva iliyosinyaa, watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2016, kwa wagonjwa 247, kwamba kuongeza vyuma juu ya kupanua njia hakukuleta faida zaidi.

"Usikubali, utapooza"

Hawa nao. Kamba kuu ya neva huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, chini yake kuna neva zinazoning'inia kama mkia wa farasi. Upasuaji wa kiuno cha chini hufanyika zaidi huko. Neva inaweza kujeruhiwa, kidonda kinaweza kuingia wadudu, damu inaweza kuganda mguuni, lakini kupooza kabisa ni nadra.

Na kuna mahali ambapo kukataa ndiko kunakopoozesha. Upasuaji huu ulianza New York mwaka 1911 kwa mikono ya Fred Albee na Russell Hibbs, na ugonjwa uliowasukuma ulikuwa kifua kikuu cha mgongo, kile kinachoozesha pingili hadi mtu akapata kibyongo. Ugonjwa huo bado tunao. Wengi hupona kwa dawa za TB peke yake, ila pingili zikiporomoka na kubana neva, vyuma vina kazi halali. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka mnazini au kugongwa na bodaboda akavunjika pingili, kwa uvimbe wa saratani uliokula mfupa, na kwa baadhi ya watu ambao pingili moja imeteleza juu ya nyingine na kubana neva. Kuna kitu hapo kinacheza ambacho hakipaswi kucheza.

Ukianza kushindwa kuzuia haja, au mkojo ukagoma kutoka, au ganzi ikaingia sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au miguu ikalegea, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na mgongo kuuma navyo visipakwe dawa ya kuchua.

"Sitaweza kuinama tena"

Swali la wanaosali: je, rukuu na sijda? Ikiunganishwa pingili moja na jirani yake kiunoni, wengi huinama vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya kuinama hutoka nyongani. Zikiunganishwa nyingi, ugumu utauhisi. Kinachosahaulika ni pingili za jirani, ambazo sasa zinabeba mzigo wa mwenzao na zinaweza kuchakaa haraka, na baadhi ya wagonjwa hurudi mezani miaka kadhaa baadaye.

Kama bado unaamua, muulize daktari swali moja kabla ya bei: ni nini hasa kinachocheza au kinachobanwa, na unakiona wapi? Akikuonyesha, sikiliza, na kama unavuta sigara anza kuacha leo, maana moshi huzuia mfupa kuota. Akijibu kwamba diski zimechakaa na umeteseka vya kutosha, mshukuru, omba picha zenyewe pamoja na ripoti, kisha zipeleke kwa daktari wa pili ambaye si yeye atakayekupasua.